Sahani ya Kumi na Nne

Beryl Gwilliam alijifunza kupanga meza kabla ya kujifunza kusoma. Alikuwa na miaka minne, amesimama juu ya kibao katika chumba cha kulia cha jumba la Kenderhope, na mama yake, Winifred, alikuwa akimpa visu na uma za fedha avipange. Kati ya sahani na sahani zilitakiwa shibiri tatu za mtu mzima. Kwa kuwa mtoto hana shibiri hiyo, mama aliulaza mkono wake juu ya kitambaa cheupe, na Beryl akahesabu kwa sauti.

"Kila mtu apate pa kuweka kiwiko," mama alisema. "Mtu akikosa pa kuweka kiwiko hula kwa hasira."

"Na mimi nitakaa wapi?"

Mama alicheka, lakini kwanza alichungulia mlangoni. "Wewe na mimi ni watu wa mlango wa nyuma, mwanangu. Meza hii tunaipanga. Hatuikalii."

Mtoto hakulia. Lakini jibu lile lilimkwama kama mwiba wa samaki, halikushuka wala halikutoka, kwa miaka hamsini na minane.

Alizaliwa langoni, katika nyumba ndogo ya mawe ambayo zamani alikaa bawabu wa jumba. Baba yake, Albert Preece, alisuka nyua za miti mashambani, na vidole vyake vilikuwa na miiba majira yote. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na unyevu katika vyote. Kutoka dirishani jumba lilionekana lote juu ya kilima, na madohani yake kumi na moja. Na mvua iliponyesha, nayo kule mpakani mwa Wales hunyesha kana kwamba imeajiriwa, maji ya kilima kizima yaliteremka hadi kizingitini kwao.

Alipotimiza miaka kumi na mitano aliacha shule siku ya Ijumaa, akaanza kazi jumbani Jumatatu. Wakati huo ukoo wa Mortlock, wenye jumba, ulikuwa umebaki na mtu mmoja, Bi Augusta, mwanamke mrefu mkimya aliyekula peke yake kwenye meza ya watu ishirini na wanne. Beryl alisimama nyuma ya kiti chake miaka kumi na minane. Katika miaka hiyo Bi Augusta alimwambia mambo mengi: funga dirisha, supu imepoa, mama yako alikuwa mtu mwaminifu. Hakuwahi kumwambia kaa. Alifia usingizini mwaka wa 1981, na asubuhi ile Beryl, asijue, alikuwa ameshampangia meza.

Baada ya hapo jumba liliangukia mikononi mwa shirika la kutunza nyumba za kale, nalo likaligeuza kuwa mahali pa mapumziko. Kundi la watu hukodi nyumba nzima, Ijumaa hadi Ijumaa, likalala katika vitanda vya nguzo nne na kujidai kuwa ni mabwana wa karne zilizopita. Beryl alirithiwa pamoja na samani. Alifua mashuka, akawasha mioto, akapika Jumapili, akaokota vilivyosahauliwa chini ya vitanda: hereni, miwani, mara moja meno ya bandia.

Mumewe, Cliff, dereva wa lori la maziwa, alikuwa akimtania akirudi jioni.

"Umeshakula?"

"Nimekula jikoni."

"Umekula umesimama. Mke wangu, wewe ni farasi. Siku moja nitakuletea majani."

Hawakupata mtoto. Walikuwa na paka, bustani ya viazi, na utani huo mmoja, ambao Cliff aliurudia hadi mapafu yake yalipokataa kumpa pumzi ya kuumalizia.

Kati ya makundi yote, kundi la Bwana Leonard Ashby ndilo Beryl alilolingojea. Lilikuja kila mwaka wiki ya tatu ya Novemba, tangu 1986: walimu, madaktari, watu waliosoma pamoja ujanani na kuapa kutopotezana. Bwana Ashby alikuwa mwalimu mkuu wa shule, na hata alipostaafu aliendelea kusema kama mtu aliyesimama mbele ya ubao. Cliff alipokufa, mwaka wa 1999, kadi ya rambirambi ilifika langoni, na ndani yake kulikuwa na saini kumi na tisa. Beryl aliiweka kwenye rafu iliyo juu ya meko na hakuiondoa tena.

Tena kulikuwa na lile neno. Kila mwaka, asubuhi ya kuondoka, mizigo ikiwa tayari garini, Bwana Ashby alimshika mkono na kusema, "Beryl, mwaka mmoja lazima ukae nasi mezani. Lazima kabisa."

"Ahsante, Bwana Ashby," Beryl alijibu kila mwaka.

Mtu mwingine angejua kwamba hayo ni maneno ya kuagia tu, kama vile kusema hali ya hewa itakuwa nzuri. Beryl naye alijua. Lakini mwaka uliofuata kifo cha Cliff alipanda basi hadi Hereford akanunua gauni la rangi ya bluu iliyokolea, lenye ukosi mweupe. Lilikaa kabatini miaka kumi. Kila Novemba alilitoa, akalipiga pasi, akalirudisha.

"Unalipigia pasi nondo," alisema Glenys Pugh, jirani yake, aliyekuja kusaidia jikoni wakati wa makundi makubwa. Glenys alikuwa na ulimi usio na kifuniko.

"Nguo hukunjamana."

"Hukunjamana ikivaliwa, dada."

*

Novemba ya mwaka 2010 lile kundi lilifika likiwa limepungua. Mzee Pettifer, aliyekuwa akipiga piano vibaya na kwa furaha, alikuwa amefariki wakati wa kiangazi. Miaka ilikuwa imewachuja wote hao, kimya kimya, hadi wakabaki kumi na watatu.

Jumamosi asubuhi Bibi Ashby, Marjorie, aliingia jikoni. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye tabia ya kunyoosha vitu ambavyo tayari vimenyooka. Alinyoosha taulo la mikono.

"Beryl, kesho utakula nasi. Usibishe, tumeshaamua. Glenys atahudumu."

Beryl alikuwa na kiazi mkononi. Alikitazama kile kiazi. "Kesho, Bibi Ashby?"

"Saa saba. Njoo ukiwa umevaa utakavyo, sisi si watu wa makuu." Akanyoosha taulo tena, akatoka.

Glenys alingoja nyayo zipotee. "Wako wangapi mwaka huu?"

"Unajua wako wangapi. Umewatandikia vitanda."

"Nakuuliza wewe."

"Kumi na watatu," alisema Beryl, akaendelea kumenya kiazi.

Glenys hakusema neno, na hilo kwa Glenys lilikuwa kama mtu mwingine kupiga kelele. Maana wote wawili walilelewa na hadithi ileile, na aliyeileta langoni alikuwa Winifred mwenyewe. Zamani, Vita vya Pili vya Dunia vilipokaribia, akina Mortlock walikuwa na wageni waliokuja kuwinda ndege. Gari moja likaharibika njiani, na waliofika wakakutwa ni kumi na watatu. Basi akatumwa mtu kwenda kumwita karani wa shamba, mtu aitwaye Tudge, aliyekuwa nyumbani akila mkate wake. Wakamvika koti la mtu mwingine, wakamweka kwenye kona. Hakuna aliyemsemesha, na baadaye akapitishwa mlango wa nyuma. Maana watu kumi na watatu wakila meza moja, wa kwanza kuinuka hamalizi mwaka.

"Alifurahi?" Beryl mdogo aliuliza.

"Alisema nyama ilikuwa laini," mama alijibu.

Beryl aliijua hadithi hiyo kama anavyoujua mkono wake. Alijua na akakataa kujua. Jumapili asubuhi alipanga sahani kumi na tatu, shibiri tatu kati ya moja na nyingine, kisha akasimama na sahani ya kumi na nne kifuani. Alikuwa hajawahi kujipangia. Mkono ulijichagulia wenyewe sahani yenye ufa pembeni, kwa kuwa huwezi kumpa mgeni sahani yenye ufa. Akairudisha kabatini, akatoa nzima. Hata kama ni kwa ajili ya hesabu, alijiambia, kiti ni kiti.

Bibi Ashby alikuwa ameandika kadi za majina kwa mwandiko mzuri, kila moja mbele ya sahani yake. Bwana Leonard Ashby. Daktari Hugh Tranter. Bi Hester Lyle. Karibu na mlango wa jikoni, kadi ya mwisho: Beryl. Hapo hapakuwa na Bibi wala Gwilliam. Beryl aliisoma mara mbili, akanyoosha uma ambao tayari ulikuwa umenyooka, akaenda kuvaa gauni.

*

Mvua ilikuwa ikipiga madirisha, na chumba kilikuwa na kiza cha Novemba kiasi cha kuwasha taa mchana. Walipomwona wakashangilia.

"Angalieni!" alisema Daktari Tranter, daktari wa meno mstaafu, mnene, mwenye mzaha kwa kila jambo. "Nani huyu malkia? Beryl, umemficha wapi Beryl wetu?"

"Nimemwacha jikoni, Daktari."

Wakacheka, na kicheko kilimpasha moto hadi miguuni. Kiti kilichomfuata kilikuwa kitupu, cha Bi Lyle, aliyekuwa na kichwa kikimuuma tangu asubuhi. Alikuwa ametuma neno: waanze tu, anashuka. Wakaanza. Glenys alileta nyama ya ng'ombe ya kuoka, viazi, kabichi, na mchuzi katika kibirika cha fedha. Alipofika kwa Beryl aliinama na kunong'ona, "Nikuongezee mchuzi, Lady Gwilliam?"

"Nyamaza wewe."

"Kiwiko chini, mabibi wanatazama."

Mara tatu Beryl alitaka kuinuka: kijiko kimeanguka, mkate umekwisha, moto unahitaji gogo. Mara tatu Bibi Ashby alimgusa mkono: kaa, Beryl. Kaa. Neno hilo alilolingojea tangu juu ya kibao, sasa lilisemwa mara tatu kwa saa moja. Wakamuuliza habari za jumba, naye akawasimulia jinsi Bi Augusta alivyoagiza kila usiku mishumaa ishirini na minne iwashwe ili yeye ale supu peke yake. Wakamsikiliza. Bwana Ashby aliacha uma. Beryl alisikia sauti yake mwenyewe ndani ya chumba kile, ikigonga mbao za ukuta na kurudi, na haikuwa sauti ngeni. Nyama ilikuwa laini. Alifikiri: Cliff, nimekaa.

Likaletwa tofaa la kuoka na kastadi. Glenys alikwenda juu na trei ya Bi Lyle, akarudi nayo kama ilivyokwenda.

"Anasema hashuki tena. Amefunga mapazia, anataka alale." Akaweka trei. "Na mimi naomba ruhusa, Bibi Ashby. Mume wangu yuko nje na gari, na barabara ya mtoni inaanza kujaa maji."

Aliruhusiwa. Alipopita nyuma ya Beryl alimfinya bega, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Mlango ukafungwa.

Daktari Tranter alikuwa akizungusha macho mezani, midomo ikicheza. "Kumi, kumi na moja..." Akasimama. "Ala! Tuko kumi na watatu."

"Usiwe mjinga, Hugh," alisema Bwana Ashby.

"Hesabu mwenyewe, mwalimu."

Bwana Ashby alihesabu, bila kutaka, kwa macho. Kisha Bibi Ashby akasema, haraka, kama mtu anayefikiri kwa sauti, "Tazama, na tungekuwa kumi na wawili tu, kama tusinge..."

Hakumaliza. Hapakuwa na haja. Kila mtu pale alimaliza sentensi hiyo kimoyomoyo, na Beryl akaimalizia pamoja nao.

Wakacheka kidogo. Wote walikuwa watu waliosoma. Hakuna hata mmoja ambaye angekubali mbele ya mwenzake kwamba anaamini mambo ya namna hiyo, na hakuna hata mmoja aliyesogeza kiti.

"Hugh, si ulisema unataka kwenda msalani?" mtu aliuliza.

"Mimi? Naweza kuvumilia hadi Pasaka."

"Leonard, wewe ndiye kiongozi wa msafara."

"Kiongozi hutoka wa mwisho. Kama nahodha," alisema Bwana Ashby. Akaanza kusimulia kisa cha mwanafunzi mmoja na mbuzi, ambacho wote walikuwa wamekisikia, na wote wakakisikiliza kwa makini ajabu. Kilipokwisha akaanza kingine. Gogo likaungua likawa majivu, na hakuna aliyeongeza jingine. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo ya pale yalikuwa ya wazee. Watu walianza kujipindapinda vitini. Madirisha yakapoteza kilima, kisha miti, kisha yakawa vioo vyeusi vyenye nyuso zao. Ilikuwa saa kumi alasiri. Walikuwa wamekaa zaidi ya saa nzima bila kula chochote.

Beryl alitazama mikono yake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili, hana mtoto, hana mume. Akawatazama: huyu ana wajukuu sita, yule anangoja kufanyiwa upasuaji wa nyonga, yule ana mke. Hakuna aliyemtazama yeye. Hapo ndipo alipotambua. Watu kumi na wawili hawaepuki uso mmoja kwa bahati.

"Kahawa ingefaa sasa," alisema Bibi Ashby.

Hakumwambia mtu. Alikiambia kichupa cha chumvi, akakinyoosha.

Mvua iliendelea kupiga vioo. Daktari Tranter alikuwa akikunja leso yake kuwa ndogo, na ndogo zaidi. Naye Beryl alingoja. Alingoja kwa muda wa kuhesabu shibiri moja, mbili, tatu, kwa kuwa huenda mmoja wao angesema lile neno kwa mara ya nne. Kaa, Beryl. Hakuna aliyelisema.

Akaweka viganja mezani, akainuka.

Hajafika mlangoni akasikia viti nyuma yake vikisukumwa vyote, na sauti zikaanza kwa pamoja, changamfu, kama za wanafunzi kengele ikilia. Jikoni alichemsha maji. Alitoa vikombe kumi na viwili. Gauni lilikuwa limekunjamana kiunoni.

Alipopeleka kahawa walikuwa wamehamia sebuleni, kwenye moto. Bwana Ashby alichukua kikombe chake, akakikoroga kwa muda mrefu.

"Unajua, Beryl, jambo lile lina dawa yake. Watu wote huinuka pamoja, kwa mkupuo mmoja. Nimelikumbuka sasa hivi. Ajabu kwamba hatukulifikiria."

"Si kitu, Bwana Ashby."

"Ni upuuzi mtupu, bila shaka."

"Upuuzi, ndiyo," alisema Beryl, akaenda kuosha vyombo.

Ijumaa, mizigo ilipokuwa garini, Bwana Ashby alimshika mkono kama kawaida. Alisema kwamba wiki ilikuwa nzuri sana. Lile neno la kukaa mezani hakulisema.

*

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Beryl hakumwambia mtu kwamba anaogopa, lakini aliacha kupanda ngazi ya kusafisha mifereji ya paa, na alipokohoa alisimama kusikiliza kikohozi kilikotoka. Mwezi wa Januari aliandika vikaratasi vya majina na kuvibandika chini ya vitu vyake: saa ya ukutani kwa Glenys, blanketi kwa binti wa Glenys, paka kwa yeyote atakayempenda. Machi aliteleza kwenye barafu mbele ya lango, akalala chali akitazama mawingu, akifikiri, basi ndiyo hii. Baada ya muda baridi ikamchosha, akainuka. Ilikuwa ni mchubuko.

"Nikifa, nivisheni lile gauni la bluu," alimwambia Glenys.

"Wewe utanizika mimi, na utakuja umechelewa."

"Sisemi mzaha."

Glenys aliweka kikombe chini. "Walijua, Beryl. Wote walijua. Ungekaa! Ungekaa pale mpaka wakojoe vitini!"

Beryl alifikiri. "Nilipanga meza miaka yote ile," alisema. "Sikuwahi kuwaona wakiwa na hofu. Niliwaonea huruma." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akaongeza, "Na sikutaka kungoja zaidi nione kama wataniambia nikae."

Septemba ilikuja barua kutoka kwa Bwana Ashby, mistari minne. Marjorie alikuwa amefariki ghafla, moyo, bustanini. Kundi litakuja Novemba kama kawaida. Watakuwa kumi na wawili.

Beryl aliisoma akiwa amesimama. Jambo la kwanza lililomjia lilikuwa pumzi, pumzi kubwa ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, na aibu ikafuata nyuma yake mara moja, ikamkalisha chini. Alimlilia Bibi Ashby. Alimlilia kwa kweli, yeye na lile taulo lake la mikono. Kisha akaenda kubandua vikaratasi chini ya vitu vyake.

Ijumaa ya wiki ya tatu ya Novemba alisimama ukumbini, mlango mkubwa ukiwa wazi, mvua ikiingia. Bwana Ashby alipanda ngazi polepole. Alikuwa amekonda, na kitufe kimoja cha koti lake kilifungwa mahali pa kingine. Beryl alitaka kukirekebisha.

"Pole sana, Bwana Ashby. Poleni nyote."

Bwana Ashby alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, bila haraka, kama mtu anayemtazama aliyekwepa zamu yake kwenye foleni, na zamu hiyo ikamwangukia asiyestahili.

"Wewe u mzima, Beryl," alisema.

"Mzima, Bwana."

"Ndiyo," alisema. "Naona."

Akampita. Wengine wakafuata na mabegi yao, wakamsalimu kwa adabu, kila mmoja, na macho yao yalipita begani kwake. Basi hatimaye walikuwa wamemhesabu, aliwaza Beryl akifunga mlango. Walikuwa wamemhesabu mwaka mzima.

Jumapili alipanga sahani kumi na mbili. Gauni la bluu lilikuwa limekwenda mnada wa kanisa tangu wiki iliyotangulia. Yeye na Glenys walipeleka nyama na viazi, wakapeleka tofaa, wakarudi jikoni na kufunga kidirisha cha ukutani cha kupitishia sahani. Beryl alijikatia kipande cha nyama, akakila amesimama kando ya jiko.

"Vuta kiti basi," alisema Glenys.

"Nimezoea."

Upande wa pili wa ukuta mazungumzo yalikoma. Halafu viti kumi na viwili vikakwaruza sakafu ya mawe kwa mpigo mmoja, vyote pamoja, kama askari waliofanya mazoezi.

Glenys aliruka. "Mungu wangu! Nini hicho?"

"Wanainuka," alisema Beryl. Akafuta mikono, akaenda kutoa vyombo.